Kulinganisha riwaya ya Kiuzbeki na ya Kiingereza, anza na ndoa

Ukipewa swali la riwaya ya Uzbekistan na ya Uingereza usianze na miaka, mimi nilianza na miaka nikapoteza wikiendi nzima. Anza na ndoa.

Sisi tuko wanne, tunakutana Jumamosi hapa Kaloleni Arusha, chai na maandazi. Chukua kaunta buku, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto weka Pamela ya Samuel Richardson, 1740: hausigeli anasumbuliwa na bosi wake, anawaandikia wazazi barua kibao, mwisho anaolewa na bosi huyohuyo (msiniulize). Kulia weka O'tkan kunlar ya Abdulla Qodiriy, ilianza kutoka jaridani 1922. Inafunguka siku ya baridi mwaka 1264 Hijria, kwenye nyumba ya wageni wa misafara mjini Marg'ilon, kijana Otabek kutoka Tashkent anampenda Kumush, anamuoa, halafu wazazi wake wanamlazimisha aongeze mke waliyemtaka wao, na yule mke wa pili anakuja kumwekea Kumush sumu. Hapo chai ilipoa jamani, kila mtu ana shangazi mwenye kesi ya kufanana.

Sasa chini ya kila kitabu andika nani anaamua ndoa. Kwa Pamela shida ni tabaka, kwa Otabek ni baba na mama. Ukishapata hilo ndo uingie kwenye historia, maana utajua unatafuta nini: Wauzbeki walikuwa na dastani za kuimbwa, kama sisi na tenzi, riwaya ikaletwa na vijana wa vuguvugu la Jadidi waliotaka shule mpya na magazeti, wakamulika mila za nyumbani humohumo. Waingereza walishakuwa na Robinson Crusoe toka 1719, na 1836 Charles Dickens anauza riwaya yake ya Pickwick vipandevipande, shilingi 1 kila toleo.

Upande wetu wa kushoto ulijaa mpaka chini. Kulia kalamu ilisimama tarehe 4 Oktoba 1938, siku Qodiriy na Cho'lpon, yule mwandishi wa riwaya ya Kecha va kunduz, walipopigwa risasi enzi za Stalin. Waandishi waliobaki waliendelea, Oybek akatoa riwaya ya Qutlug' qon 1940, lakini hiyo tarehe iandike kubwa, usiipitie tu.

Mkitafuta tafsiri ya Kiingereza ya O'tkan kunlar, Days Gone By na Bygone Days ni kitabu kilekile. Sisi tulikaa nusu saa tunabishana kipi kianze.