Turbo inalia? Jua kwanza inalia lini

Gereji yangu iko Tororo, upande wa barabara ya Malaba, na gari likiingia dereva huwa ameshatoa hukumu juu ya turbo, ile pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini: "Mzee, turbo imekufa." Namuuliza nani kasema. Mara nyingi kasema mwenye kuuza turbo.

Basi namrudisha nyuma. Inalia lini? Asubuhi injini ikiwa baridi, au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta, au ukiachia? Gari likiwa limesimama ukapiga resi, sauti ipo au haipo? Ikiwa inasikika gari likitembea tu, hata ukitia nyutro, achana na turbo. Angalia beringi za magurudumu na tairi.

Zipo sauti ambazo si ugonjwa. Mluzi mwembamba unaopanda gari likishika nguvu ni wa kawaida: shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, haiwezi kunyamaza. Kinachotakiwa kukushtua ni mluzi uliobadilika. Na mwenye Subaru Forester ya turbo asiniletee ule mvumo wa bum-bum-bum kama ugonjwa. Nyingi zimeundwa na mabomba ya eksozi yasiyolingana urefu, na mvumo unatoka humo.

Kwa majaribio, tafuta mlima. Sisi tunao wa kwenda Kapchorwa, pale kabla ya Sipi, lakini mlima wowote unaobana gari unafaa. Beba mtu wa pili awe ndiye msikilizaji. Fungueni madirisha, shika gia ya tatu, injini ikiwa kama mizunguko 2,000, kanyaga mafuta taratibu hadi chini, kisha achia ghafla. Mkipita kando ya ukuta au kingo ya udongo, sauti hugonga na kurudi, mnaisikia vizuri zaidi.

Ukisikia "fsssss" ya hewa wakati wa kukanyaga, gari limepoteza nguvu, na kama ni dizeli linatoa moshi mweusi, usitafute turbo, tafuta hosi. Hili ndilo ninalokutana nalo kuliko yote. Hewa iliyoshindiliwa inavuja kabla ya kufika kwenye silenda. Pitisha mkono kwenye hosi zote kati ya turbo na intakula (kipoza hewa ya turbo), na kati ya intakula na injini, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Usiangalie juu tu: hosi hupasuka upande wa chini, pale kwenye kona, na ufa hauonekani mpaka uibinye kwa vidole ndipo ufunguke kama mdomo. Angalia pia kwenye vibano vya hosi. Hewa ya turbo hubeba oili kidogo sana, na ikivuja, oili hiyo hushika vumbi letu jekundu. Ukikuta kibano kimezungukwa na utepe wa tope la oili, umefika. Usipoona kitu, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa kopo lililofungwa valvu ya tairi, jaza hewa ya kompresa, psi 10 zinatosha, halafu mwagia hosi maji ya sabuni. Palipovuja patatoa mapovu.

"Tik-tik-tik" ya asubuhi inayofifia injini ikipata moto, hiyo kwa kawaida ni gasketi ya manifodi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silenda) au manifodi yenyewe imepasuka. Chuma kikipanuka ufa unajiziba. Tafuta alama ya masizi meusi kwenye maungio. Lakini mgongano mzito wa "go-go-go" unaozidi injini ikipata moto, na ukizidisha mzigo unapiga zaidi, huo si wa eksozi. Zima gari, liburutwe. Beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu ya injini, hazingoji ufike Mbale.

Ukiachia mafuta likafanya "chu-chu-chu", hewa imekosa pa kutokea inarudi kwenye turbo. Angalia valvu ya kupumulia, huenda kiwambo chake kimechanika au imekwama. Vijana huipenda sauti hii, wengine hulipa wawekewe. Hiari yao.

Mtetemo wa bati gari likiwa sailensa (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta), gusa kwanza bati la kuzuia joto kwa ubao. Likinyamaza, kaza bolti, nenda nyumbani.

Sasa king'ora. Sauti kama ya gari la polisi, inayopanda na kushuka na injini, pamoja na moshi wa buluu: hapo turbo ina kesi kweli. Injini ikipoa, toa hosi ya kuingizia hewa, shika shafti kwa vidole. Kucheza kidogo kushoto na kulia kunaruhusiwa. Ikicheza mbele na nyuma, au panga zake zikiwa zimeparura nyumba yake, imekwisha. Kwa dizeli, usiendelee kuliendesha hivyo: ikimwaga oili nyingi, injini inaweza kuichoma hiyo hiyo na kupanda resi yenyewe, hata ukitoa ufunguo haizimi. Ukiwa na gia ya mkono, weka gia kubwa, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi.

Kabla ya kwenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kununua nyingine, jua iliyokufa imeuawa na nini. Filta ya hewa iliyochanika huingiza mchanga unaokula panga. Oili iliyochakaa huziba mrija. Baadhi ya injini za Subaru zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya mrija wa oili wa turbo. Kikiziba, turbo mpya nayo itakufa njaa. Safisha mrija wa kuleta oili na wa kurudisha, na toa oili iliyobaki ndani ya intakula.

Siku ya kufunga, mimina oili safi kwenye tundu la turbo, izungushe kwa mkono, ndipo ufunge mrija. Kisha kata mafuta, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Ikiwaka injini, iache sailensa dakika chache, usiguse mafuta.