Kusoma Chuo Ukiwa Kazini: Anza kwa Kuhesabu Saa

Mtu aliyeajiriwa anapotaka kurudi darasani, wengi humwambia awe na moyo na nidhamu. Ni maneno ya kweli, ila hayamwonyeshi muda atautoa wapi. Kwa hiyo, kabla hujalipa ada, chukua karatasi na kalamu uhesabu saa zako.

Kwa Tanzania hesabu yenyewe haijifichi. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza kwa kawaida una krediti 120, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwamo za darasani, za kujisomea na za kazi unazopewa na mwalimu. Muhula wa krediti 60 ni saa 600, ambazo zikigawanywa kwa wiki 17 zinakuwa takriban saa 35 kwa wiki. Ajira nayo, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inaweza kuchukua hadi saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo tayari umefika saa 80. Ongeza saa 49 za kulala na saa 15 za foleni kwa mtu wa Dar es Salaam anayetoka Mbagala kwenda Posta na kurudi, utaona kwamba katika saa 168 za wiki umebakiwa na 24 tu za kupika, kufua, kulea, kuabudu, kuuguza na kuzika. Hapo ndipo wengi hukwama, wakadhani tatizo lao ni uvivu.

Ikiwa hesabu haikai, punguza mzigo wa masomo kabla hujaanza kupunguza usingizi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinafundisha kwa masafa, yaani mwanafunzi akiwa mbali na chuo, na kumpa nafasi ya kwenda kwa kasi anayoimudu. Vipo pia vyuo vyenye masomo ya jioni. Popote utakapoomba, uliza kama inaruhusiwa kuchukua kozi chache kwa muhula, na jibu ulipate kwa maandishi. Kumaliza kwa miaka mitano kile ambacho wengine wanakimaliza kwa mitatu si aibu hata kidogo.

Jambo la pili ni mwajiri. Mimi niliwahi kuficha masomo yangu nikiwa karani wa ghala, kwa kuogopa kuonekana sina nia na kazi. Mwisho wa Juni, wakati wa kufunga hesabu za mwaka, sote tuliamriwa kubaki kuhesabu mali, na jioni hiyo hiyo nilikuwa na mtihani. Sikuwa nimeomba ruhusa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ninasoma, na kozi ile nikaja kuirudia. Tangu hapo namshauri kila mtu apeleke kwa msimamizi wake barua fupi pamoja na kalenda ya chuo, wiki za mitihani zikiwa zimezungushiwa wino, mwanzoni mwa muhula. Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, lakini mwajiri ndiye mwenye kauli kuhusu lini uichukue, hivyo wahi kuomba iangukie kwenye mitihani. Saa za ziada nazo hufanywa kwa makubaliano na hazipaswi kuzidi 50 katika wiki nne. Ni vizuri ukalijua hilo kabla hujakubali kila zamu unayoombwa kwa sababu ya fedha.

Katika kujisomea kwenyewe, usiipe jioni kazi ngumu. Mtu aliyeshinda kaunta tangu asubuhi hawezi kukaa saa tatu usiku akaielewa takwimu; saa hiyo ifae kuchapa kazi na kupanga madokezo, na hesabu zingoje saa kumi na moja alfajiri au Jumamosi. Ndani ya daladala, ambamo huwezi kufungua kitabu, nilikuwa nakata karatasi ya A4 vipande vinne, nikaandika swali moja upande wa mbele na jibu nyuma, kisha navitia mfuko wa shati. Hata ukiwa umesimama na mkono mmoja umeshika bomba, unaweza kuchomoa kimoja, ukajijibu kimoyomoyo, ukageuza kuhakikisha. Vipande sita kwa safari vinatosha.

Vyuo vingi hutoa alama 40 kwa kazi za muhula na 60 kwa mtihani wa mwisho, na mfanyakazi hupoteza zaidi katika zile 40, kwa sababu ya majaribio aliyoyakosa. Tafuta mwenzako mmoja anayeshinda chuoni, akupe taarifa chumba kikibadilishwa au jaribio likisogezwa, nawe umlipe fadhila kwa kuchapa kazi ya kikundi.

Wanaofanya zamu za usiku, wauguzi na walinzi hasa, walale kwanza ndipo wasome.

Na ukielemewa kweli, kwa ugonjwa au kwa uhamisho wa kikazi, usitoweke kimya kimya. Andika barua ya kuahirisha masomo kabla mitihani haijaanza, ambatanisha uthibitisho wa daktari au wa mwajiri, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.