Injini Imefungwa Upya: Namna ya Kuizoesha Kazi Kilomita 1,000 za Kwanza

Gari likitoka kushushwa injini, likafungwa pistoni na ringi mpya (pete za chuma zinazoizunguka pistoni) na silinda zikapigwa honi (kuta zake kukwaruzwa mistari myembamba kwa mawe maalumu), ushauri wa kwanza unaopewa gereji ni huu: iache iungurume palepale saa kadhaa, halafu tembea spidi 40 mpaka kilomita elfu moja ziishe. Usiufuate. Ringi haishiki ukuta wa silinda kwa nguvu yake yenyewe tu. Inasukumwa na gesi inayoingia nyuma yake wakati injini inavuta mzigo. Mzigo ukikosekana, ile mistari ya honi inayokatizana inajaa oili iliyoungua, ukuta unateleza kama kioo, na ringi haikai tena. Gari litakula oili mpaka ushushe injini upya. Na nafasi yenyewe ni fupi, kwani kazi kubwa inafanyika ndani ya kilomita mia moja au mia mbili za kwanza.

Vipimo vya hapa ni vya 1NZ-FE, injini ya Toyota IST na Probox nyingi za Dar. Kwa injini nyingine nyingi za petroli njia ni ileile, badilisha tu ujazo wa oili.

Hatua ya 1: Oili, maji na themostati

Weka oili ya madini ya 15W-40, lita 3.7 pamoja na filta mpya. Sintetiki iache kwanza. Nunua sheli au kwa wakala anayeaminika, na ukague kizibo kabla hujalipa, maana oili ya kuchakachua imejaa mtaani.

Kwenye rejeta weka kulanti (maji maalumu ya kupoozea injini). Maji ya kisima usiweke kabisa: visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi inakula alumini ya hedi (sehemu ya juu ya injini).

Muulize fundi kama themostati ipo, yaani vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto. Wengi wanaitoa wakiamini joto la Dar haliihitaji, na hili ni kosa kubwa. Injini isiyofika joto lake inaendelea kumwagiwa petroli nyingi, petroli inaosha oili ukutani, na ringi mpya zinasugua kavu. Kama imetolewa, inunuliwe na kufungwa kabla ya kuwasha.

Hatua ya 2: Pandisha oili kabla ya moto

Toa plagi zote 4. Chomoa soketi za koili na za injekta ili kusiwe na cheche wala petroli. Piga stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia mpaka taa ya oili izime. Beringi za krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) kwa wakati huu zina oili ile tu aliyopaka fundi wakati wa kufunga, haitoshi kuwashia.

Hatua ya 3: Kuwasha mara ya kwanza

Rudisha plagi na soketi, washa, na ushike mizunguko ya injini kati ya 1,500 na 2,000 kwa dakika, ukipandisha na kushusha kidogo. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde 5, zima injini. Mwenzako akague chini kama kuna panapovuja. Feni ya rejeta ikishawaka na kuzima, inatosha. Zima, acha ipoe kabisa, ongeza kulanti iliyopungua baada ya hewa kutoka.

Injini za zamani zenye kamshafti (mhimili unaofungua vali) ya tapeti bapa ni tofauti. Hizo zinashikwa mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20 bila kushuka, kwa sababu kamshafti inapata oili inayorushwa na krenki. Ukiiacha iungurume chini, kamshafti inaweza kulika siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Barabarani

Hapa ndipo ringi zinapokaa. Ondoka alfajiri ya Jumapili, kwa sababu foleni ya Ubungo au Mwenge ndiyo kinyume kabisa cha unachotaka. Walioko kaskazini waende barabara ya Bagamoyo baada ya Bunju, walioko kusini barabara ya Kilwa baada ya Kongowe kuelekea Mkuranga.

Endesha taratibu dakika 15 joto litulie. AC izime. Kisha, sehemu isiyo na makazi na nyuma yako pakiwa wazi:

Ingiza gia ya 3. Kwa otomatiki, zima O/D (overdrive, kitufe cha kuzuia gia ya juu kabisa). Ukiwa 40, kanyaga mafuta mpaka nusu, gari livute hadi 70. Achia mguu wote, usiguse breki, injini yenyewe ilirudishe 40. Rudia mara 10, halafu mara 5 nyingine kwa kukanyaga robo tatu. Usizidi mizunguko 4,000, na usikanyage ghafla kiasi cha gia kuruka chini.

Kuachia mguu ni muhimu sawa na kukanyaga. Mvuto unaotokea ndani ya silinda unapandisha oili ukutani, inapoza ringi na kuondoa unga wa chuma uliosagika.

Kama dashibodi haina mshale wa joto, chomeka kisomeo cha OBD (kifaa kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari) usome kwenye simu. Nyuzi 85 hadi 95 ni salama. Ukisubiri taa nyekundu umeshachelewa.

Hatua ya 5: Mwaga oili ya kwanza siku hiyohiyo

Mwaga ikiwa ya moto, badilisha na filta. Filta ya zamani ifungue kwa mkasi wa bati. Msumeno unamwaga chenga zake ndani na utashindwa kujua kipi kimetoka wapi. Kunjua karatasi yake juani. Unga wa kijivu unaometameta ni wa kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa kucha si vya kawaida: vikinaswa na sumaku ni chuma, visiponaswa na vina rangi ya shaba au fedha, shuku beringi. Usiendeshe tena kabla sampo (karai la oili chini ya injini) haijafunguliwa.

Hatua ya 6: Mpaka kilomita 1,000

Badilisha spidi mara kwa mara. Safari ya Chalinze kwa spidi moja saa zima haifai, wala kuvuta gari jingine. Badilisha oili tena kwenye kilomita 500. Pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuwasha: oili kupungua kidogo mwanzoni ni kawaida, mradi kiasi kinachopotea kiwe kidogo zaidi kila wiki.

Kwenye kilomita 1,000 pima kampresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) injini ikiwa ya moto, mafuta yamekanyagwa mwisho. Tofauti kati ya silinda isizidi PSI 15. Kipimo cha silinda kikiwa chini, tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo ni ringi. Kisipopanda, angalia vali au gasketi ya hedi.