Kabla ya Kumpelekea Fundi Pikapu Inayokohoa na Kuzima

Pikapu kuukuu haizimi ovyo ovyo. Moja huzima ikishapata moto, nyingine ikipanda mlima, nyingine asubuhi baada ya mvua, na kila wakati una mshukiwa wake. Taabu ni kwamba wengi wetu tunafika gereji na maneno mawili tu: "Fundi, inamisi." Ukisema hayo ukanyamaza, umempa ruhusa ya kubahatisha, naye anabahatisha kwa pesa zako. Ataanza na plagi, aende koili, kisha kabureta ioshwe, na jioni unatoka Barabara ya Kirinyaga, kule tunakoita Grogani, una risiti nne mfukoni na gari ni lile lile.

Nasema hapa zile za kabureta, inayochanganya petroli na hewa, na distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi: Hilux za miaka ya 1980, Peugeot 504, Datsun ndogo zinazobeba mboga hadi leo.

Basi kabla ya spana, tafuta daftari. La shule linatosha. Liweke kwenye dashibodi wiki nzima, na kila pikapu ikizingua, andika: injini ilikuwa imepoa au imepata moto? Ulikuwa umekanyaga mafuta au umeachilia? Tanki lilikuwa na kiasi gani? Ilizima ghafla kama taa, au ilikohoa kwanza ikaishiwa nguvu? Mimi swali hilo la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Inayokatika ghafla mara nyingi ina kesi ya umeme: koili, pointi, kondensa, au waya uliolegea nyuma ya swichi. Inayokohoa na kudhoofika kwanza, kesi yake kwa kawaida ni ya mafuta.

Yangu ilikuwa inatoka Kangemi vizuri kabisa, ikifika Kinoo na mzigo inaanza kulegea, inakohoa, inazima. Nikikaa kando ya barabara dakika kumi, inawaka kama haijawahi kuugua. Nilibadilisha koili. Nikabadilisha pampu ya mafuta. Siku moja ilipozima nikafungua kifuniko cha tanki nichungulie kama petroli imeisha, na tanki likavuta pumzi: fyuuu! Chini ya kifuniko kulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa duara safi kwa makasi. Kijana wangu wa mzigo alikiweka petroli isimwagike kwenye kona. Kazi nzuri, ila kilikuwa kimeziba kile kitundu ambacho hewa hupitia. Petroli inatoka, hewa haiingii, na mwishowe pampu inavuta hadi inashindwa. Zile dakika kumi za kungoja ndizo hewa ilikuwa ikijipenyeza polepole. Kwa hiyo ikizima, kabla ya kufungua boneti, fungua kifuniko cha tanki usikilize. Ni bure.

Kisha uliza petroli yenyewe. Kama shida ilianza siku ile ile au kesho yake baada ya kujaza, andika uliponunua. Uchakachuaji kwa mafuta taa ulikuwa umezidi kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua faida ya mchezo huo. Toa kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, uiache itulie robo saa. Maji yatakaa chini, maana petroli ni nyepesi. Mafuta taa huwezi kuyaona hivyo kwa sababu yanachanganyika, lakini dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: petroli safi huruka upesi, mafuta taa huacha doa la mafuta. Fanya hayo nje, mbali na jiko na sigara. Filta ya mafuta nayo ibadilishe bila kujadili, ni ya bei ndogo. Ile ya zamani ikung'ute kwenye kitambaa. Ukiona unga mwekundu, tanki lina kutu, na kila ukiendesha likiwa karibu tupu kutu hiyo inapanda juu.

Kama inazima tu ikiwa imesimama kwenye foleni lakini ikikimbia haina neno, usiruhusu mtu akuuzie pampu. Angalia mipira midogo inayotoka kabureta na kwenye mdomo wa injini. Ikipasuka, hewa ya wizi inaingia. Utasikia mluzi mwembamba. Ama tundu dogo la kabureta linalolisha injini ikiwa imetulia limeziba.

Kuna pia suala la hapa kwetu tulivyo juu. Nairobi iko kama mita 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari na hewa ni nyembamba, kwa hiyo kabureta iliyosetiwa Mombasa ikifika huku inakunywa petroli kupita hewa iliyopo. Plagi zitakuambia: masizi meusi makavu ni petroli kuzidi, rangi ya kahawia isiyokolea ni afya, na iliyolowa haikuwaka kabisa.

Msimu wa mvua ndefu, mshukiwa wangu wa kwanza ni kifuniko cha distribyuta. Ngoja giza, fungua boneti, washa injini, uangalie bila kugusa kitu. Umeme unaovuja utauona, cheche za buluu zikitambaa juu ya nyaya za plagi. Zima, kipanguse kwa kitambaa kikavu, tafuta ufa mwembamba kama unywele.

Inayozima ikishapata moto ndiyo inayochosha mafundi, kwa sababu ikifika gereji imepoa na haina kosa. Tembea na plagi moja ya akiba na mtu wa kupiga stata. Ikizima tu, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke ile ya akiba kwenye waya huo, ilaze kwenye chuma cha injini, shika mpira wa waya kwa kitambaa kizito, apige. Hakuna cheche, mara nyingi ni koili au kondensa. Ukisikia harufu ya petroli, usijaribu.

Ya dizeli haina plagi za cheche. Huko tafuta hewa inayoingia kwenye mipira, na maji kwenye filta.

Na usiipeleke kwenye mteremko wa Mai Mahiu kuijaribu. Injini ikizima, breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara moja au mbili, kisha zinakuwa ngumu kama jiwe. Majaribio yafanyie barabara tambarare, laifseva mbili, zile pembetatu za kuonya magari, ziwe ndani ya gari.

Ukishafika kwa fundi, mpe daftari asome kabla hajashika bisibisi. Mwombe abadilishe kitu kimoja, mkajaribu, ndipo aguse kingine, na kila anachotoa akurudishie. Koili na pampu yangu ya kwanza, ambazo hazikuwa na kosa lolote, ziko chini ya kiti cha dereva, zimefungwa kwa gazeti.