Gugu sumbufu au gugu lililotangazwa kisheria? Namna ya kujua, hatua kwa hatua

Gugu ni mmea wowote ulioota usipotakiwa. Hata muhindi ulioota katikati ya maharage ni gugu. Gugu hatari kisheria ni jambo jingine: ni mmea ambao mamlaka imeutaja kwa jina katika orodha, na jina hilo likaingia, mwenye ardhi anabebeshwa wajibu. Ukali wa gugu shambani peke yake hauliingizi kwenye orodha. Ndago (Cyperus rotundus) hutesa wakulima duniani kote, lakini haimo katika orodha ya shirikisho ya Marekani. Kiduha (Striga), gugu linalonyonya mizizi ya nafaka, kimo. Ndago imeshaenea mno, ilhali kiduha kilipogunduliwa katika majimbo ya Carolina mwaka 1956 kilikuwa bado kinaweza kuzingirwa. Sheria hupendelea gugu lenye madhara makubwa ambalo bado linazuilika.

Hatua ya 1. Usiling'oe lote. Bakiza mimea michache hadi uwe na jina la uhakika. Ikiwa imeanza kuchanua, kata maua uyafunge kwenye mfuko.

Hatua ya 2. Pata jina la kisayansi. Hapa ndipo watu wengi hukwama, na ukikosea hapa, hatua zote zinazofuata zinakuwa bure.

Jina la mtaani halitoshi, kwa sababu jina moja huitwa mimea mitatu. Picha ya simu nayo haitoshi. Programu za kutambua mimea zinafaa kukupa fununu tu, hasa mmea ukiwa mchanga. Chukua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, uchimbe mmea mzima na mizizi yake.

Ndago ni mfano mzuri. Cyperus rotundus ina viazi vilivyofuatana kama shanga kwenye uzi mmoja wa chini ya ardhi, vichungu, na suke lake ni la kahawia iliyoiva kuelekea zambarau. Ndugu yake, Cyperus esculentus, hubeba kiazi kimoja kwenye ncha ya kila mzizi, kitamu, na suke lake ni la manjano. Ukiing'oa kwa kuvuta majani, viazi vinabaki ardhini na ushahidi unabaki navyo.

Gugu karoti (Parthenium hysterophorus) huwachanganya watu likiwa changa, majani yakiwa yamelala juu ya udongo. Subiri shina: lina mifereji ya wima na vinyweleo. Maua ni vichwa vidogo vyeupe, kila kimoja na ncha tano. Karoti na jamaa zake hubeba maua kama mwavuli, vijiti vyote vikichomoza mahali pamoja. Vaa glavu unapoligusa. Huwasha ngozi na kuchochea mzio.

Kisha kausha sampuli: tandaza mmea kati ya magazeti, weka uzito juu, na badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo, la sivyo utapata ukungu badala ya sampuli. Andika tarehe, mahali, urefu na rangi ya maua kabla haijafifia. Usiusafirishe ukiwa hai: kuhamisha gugu lililotangazwa ni kosa katika sheria nyingi, hata nia yako ikiwa njema. Uliza kwanza ofisi ya kilimo au hebaria (hifadhi ya sampuli za mimea iliyokaushwa) jinsi wanavyotaka sampuli ifungwe.

Kabla ya kufungua orodha, tafuta pia majina ya zamani ya mmea. Wanasayansi hubadilisha majina, sheria hazifuati upesi. Gugu maji lilijulikana kama Eichhornia crassipes, sasa ni Pontederia crassipes. Mrashia uliitwa Prosopis juliflora, sasa wengi wanauita Neltuma juliflora. Ukitafuta jina jipya peke yake, utadhani mmea haumo.

Hatua ya 3. Soma orodha. Ya taifa, kisha ya jimbo au wilaya, kisha ya mbegu, maana mbegu za kuuza huwa na orodha yake ya magugu.

Hatua ya 4. Soma masharti ya daraja ambalo gugu limewekwa katika orodha. Baadhi ya magugu hutakiwa kutokomezwa kabisa na kuripotiwa, mengine kuzuiwa tu yasivuke mpaka wa shamba, mengine kutouzwa wala kupandwa. Angalia pia kama tangazo linahusu eneo lako.

Hatua ya 5. Ondoa bila kusambaza. Gugu karoti ling'olewe udongo ukiwa na unyevu, kabla ya maua, pamoja na shingo ya mzizi. Ukilifyeka, linachipua upya. Kiduha kinapoonekana juu ya ardhi tayari kimeshanyonya mizizi ya nafaka kwa wiki kadhaa, hivyo kuking'oa hakuokoi mavuno ya msimu huu. King'oe hata hivyo kabla hakijachanua, kwa sababu mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu. Msimu unaofuata panda soya au pamba: mizizi yake huziamsha mbegu za kiduha, zikaota, zikakosa wa kunyonya, zikafa.

Magugu yenye mbegu yasiingie kwenye mboji. Osha jembe, viatu na matairi kabla ya kutoka shambani. Endelea kukagua kila msimu, maana mbegu za kiduha huweza kukaa hai ardhini zaidi ya miaka 10.