Kamera na sauti katika onyesho la kwanza la filamu ya mapigano

Anza na sauti. Mtazamaji asikie nyayo gizani sekunde mbili tatu kabla picha haijafunguka. Macho yake yatakuwa yameshaanza kutafuta hatari.

Picha ya kwanza iwe pana: nani yuko wapi, mlango uko upande gani. Ukiiruka, ngumi zote zitakazofuata ni vurugu tu. Kisha kamera ibaki upande mmoja wa mstari unaowaunganisha wapiganaji. Ikiuvuka ghafla, anayekimbilia kulia ataonekana anarudi alikotoka.

Kwa fremu 24 (picha moja moja za filamu) kwa sekunde, kasi ya kawaida ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, ni 1/48 ya sekunde. Ipandishe hadi 1/96: ukungu wa mwendo unapungua, vipande vya kioo vinaonekana kimoja kimoja. Lakini mwanga nao unapungua nusu, hivyo ongeza taa au fungua lenzi stopu moja, yaani ipitishe mwanga mara mbili.

Ngumi moja inahitaji tabaka tatu: mvumo wa nguo utangulie, mlio mkavu utue kwenye fremu ya mguso, kisha kishindo kizito cha chini. Zikianza zote pamoja, zinamezana.

Kabla ya mlipuko, kata muziki na kelele kwa nusu sekunde hivi. Sikio lililojaa kelele halisikii ukubwa wa mlipuko, hata ukipandisha sauti hadi ipasuke.