SOMO: Kompyuta ndogo ya kuangalizia muvi kwenye tivii, kwa hela ya kawaida

Wakuu habari zenu. Nimeamua kuandika hili somo maana wiki hii tu nimeulizwa na watu wanne kitu kilekile, mmoja kanisimamisha pale sokoni Sabasaba mikono yote imejaa nyanya na mchicha, nikasema basi naweka kila kitu sehemu moja, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Tunachotafuta ni hivi: tivii yoyote yenye tundu la HDMI, hata kama sio smart, icheze YouTube, Netflix na muvi zako za kwenye hadidisk bila kugandaganda. Tunatumia zile kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Umeme zinakula kidogo sana. Wati 20 kwa masaa 5 kila siku ni kama uniti 3 tu kwa mwezi, tivii yenyewe inaweza kula zaidi ya hapo.

1. PROSESA, ule ubongo wa kompyuta. Watu wengi wanapigwa hapa. Muuzaji anakwambia "hii ni i7 kaka" na wewe unatoa hela. Kwa kazi ya video usinunue i5 au i7, nunua jenaresheni, yaani kizazi cha prosesa. Video zinakuja zimebanwa kwa mifumo tofauti, YouTube wanatumia sana VP9 na saivi AV1, muvi nyingi za kudownload ni HEVC. Prosesa yenye kipande maalumu cha kufungua mfumo huo inafungua kimyakimya, isiyonacho inatumia nguvu zake zote, feni inalia na picha inaruka. Intel ya jenaresheni ya 6 inafungua HEVC ya biti 8, ya 7 inaongeza HEVC ya biti 10 (ile yenye rangi nyingi zaidi) na VP9 vizuri kabisa, AV1 inaanzia ya 11 na zile prosesa ndogo mpya kama N100. Kwa hiyo i3 ya jenaresheni ya 7 kwa kazi hii inaiacha mbali i7 ya jenaresheni ya 4. Kusoma ni rahisi, i5-7500T ile 7 ya baada ya kistari ndo jenaresheni. Na usisome stika, stika zinahamishwa. Iwashwe dukani mbele yako, bonyeza Windows na R, andika dxdiag, usome mwenyewe jina la prosesa.

2. RAM, memori ya kufanyia kazi. 8GB, na bora vipande viwili vya 4 kuliko kimoja cha 8, grafiksi ya ndani inakopa humohumo.

3. SSD, disk ya ndani yenye kasi. Hata ya 128GB inatosha, muvi zikae kwenye hadidisk ya nje.

4. CHAJA. Tulia usome hapa. Mashine yangu ya kwanza ilikuwa Dell, niliinunua bila chaja. Nikaenda kutafuta mjini, jamaa wa duka akanipa moja, pini ikaingia, volti 19.5 vilevile, taa ikawaka, nikalipa nikaondoka na furaha yangu. Nyumbani mashine nzito balaa, hata YouTube ya 480 inaganda. Nikadhani RAM, nikanunua nyingine. Nikadhani Windows, nikapiga upya mara mbili. Nikadhani mtandao, nikabadili laini. Zaidi ya wiki mbili nahangaika. Siku nikaipeleka kwenye monita ya kazini, kuiwasha tu nikaona maandishi yanapita kwamba aina ya chaja haijatambulika. Kwenye tivii nilikuwa siyaoni kwa sababu tivii inachelewa kuamka, ikishika picha maandishi yameshapita, na aliyekuwa nayo kabla yangu aliseti BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijaamka) isisimame kwenye maonyo. Nikafungua Task Manager ya Windows, kasi ya CPU, yaani prosesa, imekaa 0.8 GHz haipandi hata nifungue vitu kumi. Ile sindano nyembamba ya katikati kwenye chaja ya Dell kazi yake ni kuongea na mashine, kuiambia mimi ni chaja ya wati kadhaa. Mashine isipopata jibu inajishusha kasi yenyewe.

Kwa hiyo: nunua mashine na chaja yake ileile. Ukikosa, tafuta orijino iliyotumika ya wati 65, usichukue mpya ya bei ya kutupa. Kabla hujalipa washa, angalia kasi inapanda. Na usilazimishe ya kampuni nyingine, Lenovo Tiny ni volti 20 na kichwa chake ni cha mstatili.

5. WAYA. Baadhi hazina HDMI, zina tundu la picha la DisplayPort tu, hizo nunua adapta ya kwenda HDMI, sauti inapita humohumo.

6. MFUMO. Windows 10 iliachwa kupewa maboresho Oktoba 2025, na mashine za jenaresheni ya 7 karibu zote hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Mimi nimeweka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, Chrome kwa ajili ya Netflix, na programu inayoitwa Kodi kwa muvi za kwenye disk.

7. UMEME. Weka gadi kama za friji. Alafu kwenye BIOS tafuta AC Recovery uweke Power On, umeme ukikatika na kurudi inajiwasha.

MASWALI

kizota_finest: mkuu sijasoma yote ila nina i7 jenaresheni ya 3 itafaa?

Mleta somo: Namba 1. Soma.

baba_p: Makorokoro yote hayo ya nini, si ununue tu tivii boksi mambo yaishe

Mleta somo: Sijamkataza mtu boksi. Mimi niliyokuwa nayo iliacha kupata maboresho, programu moja moja zikagoma. Hii nabadilisha RAM, disk, mfumo, na watoto wanafanyia homuweki. Kama boksi linakutosha lichukue.

dada_wa_ilazo: Kaka shikamoo, asante kwa somo. Nimefanya kila kitu inacheza vizuri ila pembeni picha inakatwa, ile saa ya chini siioni. Nimebadili waya bado.

Mleta somo: Marahaba dada. Waya hauna kosa. Tivii nyingi zinakuza picha kidogo na kula kingo, ni tabia ya tangu zile za chogo. Chukua rimoti ya tivii, ingia kwenye picha, sehemu ya ukubwa, tafuta Just Scan au Screen Fit, majina yanatofautiana. Usipoikuta, jaribu kubadili jina la ile HDMI liwe PC, baadhi zinaacha kukuza zenyewe. Niambie ni tivii gani nikusaidie kutafuta.

dada_wa_ilazo: Imekubali! Ilikuwa Screen Fit. Sasa kibodi yangu isiyo na waya inaruka herufi nikikaa kwenye kochi.

Mleta somo: Kile kidude chake umechomeka kwenye USB ya bluu? USB 3 zinatoa kelele kwenye mawimbi yaleyale ya 2.4 GHz. Kihamishie USB nyeusi, au tumia waya mfupi wa USB kikae mbele karibu na tivii.

manyoni_tech: Bando mnamudu vipi lakini

Mleta somo: Netflix ikiwa HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa. Ingia kwenye akaunti ushushe ubora, kwa tivii ya inchi 32 ukikaa mbali utaona tofauti ndogo.

mzee_wa_nkuhungu: Vijana na vumbi je? Huku kwetu mwezi wa saba upepo ukianza meza naifuta asubuhi, jioni unaandika jina lako juu yake. Nimeifunika kitambaa.

Mleta somo: Mzee wangu shikamoo. Kitambaa kitoe leo leo, kinaziba matundu itapata joto. Isimamishe wima juu, mbali na dirisha, kila miezi mitatu ifungue upulize. Wakati wa kupuliza zuia feni kwa kijiti isizunguke, ikizungushwa na upepo inaharibika.

manyoni_tech: Mimi natumia brashi ya rangi, ile laini ya inchi moja, mpya. Inatoa hata lile vumbi jekundu lililogandia kwenye mapezi ya hitsinki, kile chuma cha kupoza prosesa.

Mleta somo: Hiyo sikuijua. Unapiga ikiwa imezimwa na chaja imetolewa?

manyoni_tech: Imetolewa, na nasubiri kama dakika tano.